Upupu Usiowasha

Nianze na ubaya, maana uzuri wenyewe sikuuona. Albamu mpya ya bendi ya Upupu, ile iliyosubiriwa Kisauni tangu wasubiriaji wenyewe wana nywele nyeusi, ni maji ya kuoshea mchele. Nimeisikiliza yote, nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama, nikitafuta pa kuisifu. Sikupaona. Na aliyeumia kutushinda sote ni mke wangu, Mbeyu, kwa kuwa sauti inayoimba mle ndani ni yake, na kile kitu kimoja alichokifuata studio ndicho kilichokatwa.

Wengi hapa hawamjui Mbeyu kwa kuimba. Wanamjua kwa mashine ya kusaga. Tangu binti yetu Purity akiwa mchanga, Mbeyu anasaga mahindi ya watu kwenye kibanda cha mabati hapa Kisauni, unga umemkaa mpaka kwenye kope. Mashine ile ikiwashwa hakuna kunong'ona. Kumuuliza mtu kama anataka ya kukoboa au anataka dona, unamkemea kama mwizi, naye anakukemea, mnaelewana. Basi Mbeyu huongea hivyo popote. Akiomba kanisani, mchungaji hufumbua macho. Akinituma chumvi, jirani wa nyumba ya tatu ndiye anayeileta. Mimi ni Mkamba, nilikuja Mombasa kufanya kazi kwenye bohari Changamwe, na nilipomwoa wenzangu waliniambia, "Mutua, hujaoa mke, umeoa kipaza sauti." Sikukasirika. Sauti hiyo ndiyo niliyoipenda kwanza, mwenyewe nikamwona baadaye.

Niliisikia kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko, nilipokwenda kunywa soda nikasahau soda. Walikuwa wanne jukwaani, wote wafanyakazi wa hoteli za Shanzu. Changawa, mpiga gitaa na kiongozi wao, alikuwa mbeba masanduku ya wageni. Kai wa gitaa la besi alisafisha bwawa la kuogelea. Munga wa ngoma aliosha masufuria jikoni. Mbeyu alitandika vitanda. Kuna mgeni alisahau chumbani kanda ya muziki wa roki wa kwao. Mbeyu akaipeleka kwa msimamizi kama sheria ilivyotaka, msimamizi akamwambia atupe. Hakutupa. Changawa aliisikiliza hadi akashindwa kulala, kisha akachukua wembe akaichana karatasi ya spika yake makusudi, ili gitaa likwaruze. Munga akaweka chini yake mapigo ya ngoma za matanga za Kigiriama, zile za kukesha. Wakajiita Upupu. Ukiguswa nao, lazima ujikune.

Wazee walisema ni fujo. Walisema kweli, ilikuwa fujo, na tuliihitaji. Watu wale mchana kutwa walikuwa wakitabasamu Shanzu kwa amri. Kisauni walikuja kulitapika tabasamu hilo, na sisi tuliokuwa tukitabasamia mabosi wetu bandarini na viwandani tukawa tunatapika pamoja nao.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Ukuta wa Nani". Huo ulitungwa na Mbeyu, na ndio wenye kisa hiki. Mama yake, Kache, alizaliwa, akazeeka na kufa kwenye shamba moja huku Kisauni, akazikwa ubavuni mwa nyumba yake ya makuti. Udongo wa kaburi haujakauka vizuri, akatokea mtu na hatimiliki ambayo hakuna mtu wa pale aliyewahi kuisikia. Likaja tingatinga na askari. Nyumba ikalala chini, ukuta ukasimama kuzunguka shamba, na kaburi likabaki ndani.

Sasa elewa jambo hili. Kwao Wagiriama, marehemu huendewa kaburini, akamwagiwa kidogo cha kunywa, na akaitwa kwa jina lake na la baba yake. Huitwa kwa sauti. Asiyeitwa hujiona ametupwa, naye hurudi kwenye ndoto za wanawe kulalamika baridi. Sisi ni watu wa kanisa, mchungaji anajua habari hiyo, na amenyamaza. Mbeyu alikwenda kwenye lile geti na shangazi zake kuomba wafunguliwe hata kwa nusu saa. Hawakufunguliwa. Akarudi akatunga wimbo. Mwishoni vyombo vyote vinakata kwa mpigo mmoja, anabaki peke yake, anaita: Kache wa Ruwa! Kache wa Ruwa! Kache wa Ruwa! Kisha kimya. Waliwahi kuupiga alasiri moja kwenye uwanja mtupu karibu na ule ukuta, spika zimeelekezwa huko, ili jina lipite juu. Mbeyu anaamini mama yake alisikia. Mimi sikumbishia, na wewe usimbishie.

Walirekodi kanda moja tu, ikauzwa mkono kwa mkono. Halafu hoteli moja ikataka bendi ya kukaa, ya kuwapigia wageni kila jioni. Changawa, Kai na Munga wakaenda. Watu wana watoto, siwalaumu. Mbeyu naye alijaribu. Alivishwa gauni la maua akaimba wimbo wa kukaribisha wageni wakati wa chakula, na wageni wakaweka uma chini. Msimamizi akamwonyesha kiganja, akikishusha taratibu, kama anayetuliza mbwa. Mbeyu akapunguza. Kiganja kikashuka tena. Alivua gauni lile, akatoka kwa mlango wa jikoni, na hakurudi hata kutandika vitanda. Wenzake walibaki. Bendi ya hoteli ina kazi moja, isikike lakini isimkatishe mgeni maneno. Walikaa huko miaka na miaka wakiifanya kazi hiyo, na waliifanya vizuri, ndiyo balaa lenyewe.

Mwaka jana Changawa alikuja kwenye mashine, shati la maua, ndevu nyeupe. Nilikuwa nimempelekea Mbeyu chakula, kwa hiyo niliona yote. Changawa alisimama mlangoni akifungua na kufunga mdomo.

"Sema!" Mbeyu akamkemea juu ya mngurumo.

Changawa akaonyesha kuwa anasema.

"Husemi!"

Ikabidi mashine izimwe, watu wenye mahindi wakaguna. Hapo ndipo tukamsikia. "Hujambo dada. Shemeji, habari za siku nyingi. Nimekuja kwa neno la kheri. Tunataka kuirudisha Upupu. Albamu nzima."

Mbeyu alijifuta uso kwa leso. "Nitaimba kila mtakachotaka," akasema. "Nataka kitu kimoja. Mamangu aitwe mwishoni, mara tatu, kama zamani. Kanda zote zimeliwa na redio au zimeota ukungu. Sina pengine anapoitwa. Nataka abaki mahali."

"Wallahi dada, ataitwa," Changawa akasema, naye ni Mkristo wa ubatizo.

Tukaenda studio. Kilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Mbeyu alipofungua mdomo, fundi wa mitambo aliruka kwenye kiti. Akamsogeza nyuma. Akamsogeza tena. Mwishowe Mbeyu alikuwa anaimba amesimama kizingitini, mguu mmoja nje. Alipofika mwisho akamwita mama yake mara tatu, na fundi akavua vile vya masikioni akavitazama. Mimi nilikuwa nje, nyuma yake mlangoni, na nywele zilinisimama. Changawa akasema, "Imeingia." Siku ile mke wangu alipika wali wa nazi na hakuna sikukuu.

Albamu ilipotoka iliitwa "Upupu Tena". Siku hizi hakuna kanda, inakuja kwenye simu. Niliazima spika ya jirani, tukaalika watu, Jumapili baada ya ibada, kila mtu na kiti chake uani. Wimbo wa kwanza ukaanza nikadhani spika imeharibika. Nikagonga. Haikuharibika. Gitaa la Changawa lilikuwa limeogeshwa, limepakwa mafuta, limechanwa nywele. Besi ya Kai ilikuwa inaomba radhi. Munga, ambaye zamani akipiga ngoma kuku wa mtaa walihama, alikuwa akipapasa. Kukazuka na saksafoni ambayo haikualikwa na mtu. Nyimbo zilizokuwa zikivunja mlango sasa zinapiga hodi na kuondoka kabla hujaitika. Na kila moja, ikifika inapotaka kupanda, inafifia, inafifia, inatoweka, kana kwamba kuna mtu anaibeba kurudi jikoni.

Majirani walikuwa na adabu. "Ni tamu," akasema mmoja. "Imetulia," akasema mwingine. Imetulia! Nilitaka kumpokonya kiti.

Mbeyu alikuwa anasubiri wimbo wa mwisho. Ukaja. Sauti yake ilikuwa ndogo, imelainishwa, nikamtazama kuhakikisha kama ni yeye. Pale vyombo vinapotakiwa kukata, havikukata. Pale anapotakiwa kubaki peke yake, wakaingia wasichana wengi wenye sauti za asali: *mama, ee mama, mama wa Afrika.* Wakaimba hivyo, wakaimba, wakafifia.

"Rudisha," Mbeyu akasema.

Nikarudisha. Mama wa Afrika.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Kisha akainuka akaanza kukusanya vikombe, hata vya watu waliokuwa hawajamaliza. Hakupiga kelele. Mimi mume wake sikuwahi kumsikia kimya namna ile, na nilikiogopa.

Kesho yake tulikwenda Shanzu. Walikuwa wanafanya mazoezi ya uzinduzi kwenye kibanda cha makuti cha hoteli, karibu na bwawa. Changawa akatupokea kwa mikono miwili. Mbeyu hakuipokea hata mmoja.

"Mamangu yuko wapi?"

Changawa alielewa. "Dada, keti kwanza. Jina la mtu mmoja linamfungia msikilizaji mlango. Lakini mama wa Afrika ni mama wa wote, hata mgeni anaelewa."

"Mama wa wote hana kaburi ndani ya ukuta. Wangu analo."

"Na ile sauti mwishoni, dada, mtu angeshtuka."

"Nilitaka washtuke!" Sasa sauti ilirudi, na wazungu wawili wakakaa wima kwenye viti vyao vya kulalia. "Ulidhani nilikuwa nawabembeleza? Uliniapia, Changawa! Ulisimama penye unga wangu ukaniapia!"

Nami nikaingilia, sikuweza kuvumilia. Nilimwambia kwamba ameichukua bendi iliyokuwa na meno akaing'oa yote, kisha akatuita tuje tuione inavyotabasamu. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Changawa akanitazama, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli. "Lakini shemeji," akasema, "tumepiga kama zamani."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kushika. Angekuwa anadanganya ningemkamata shati. Hakuwa anadanganya.

"Piga," Mbeyu akasema. "Huo wimbo. Sasa hivi."

Wakapiga. Wazee watatu wenye mashati ya maua. Vidole vya Changawa vilikuwa vinateleza kwenye nyuzi bila kukwaruza hata mahali pamoja. "Kwa nguvu!" Mbeyu akapaza. Wakakaza nyuso. Munga aliinua fimbo zake juu kabisa, juu ya kichwa, nami nikajiandaa kwa mshindo. Zikatua kama anaua nzi kwenye shavu la mtoto. Akainua tena, jasho linamtiririka, zikatua vilevile. Mhudumu mmoja alipita na sinia la glasi na hakugeuza kichwa.

Munga akaweka fimbo chini. "Mbeyu," akasema, "mkono haufiki. Nauinua mimi, lakini ukishuka unajipunguza wenyewe. Nyumbani hata mlango siupigi tena kwa nguvu. Mke wangu husema nimekuwa mstaarabu."

Kai alikuwa amegeukia bwawa. Nilitaka kuichukia hoteli, lakini hoteli ilikuwa imejaa watu wanaokula matunda. Nilitaka kuwachukia wale watatu, nikaona mikono yao. Hasira isiyo na mtu wa kumpiga ni mbaya, inakurudia mwenyewe tumboni.

Mbeyu hakuwa na shida hiyo. "Mkono wako nimeuelewa, Munga," akasema. "Pole. Lakini mkono haukufuta jina la mamangu. Hilo lilifutwa na kichwa." Akamgeukia Changawa. "Lirudishe."

"Haiwezekani, dada. Ile sehemu ilishafutwa. Fundi alisema haitatumika."

"Basi nitoe mimi. Toa sauti yangu yote."

"Nayo haitoki. Imeshachanganywa."

Kwa hiyo mama hawezi kuingia na binti hawezi kutoka. Niliwaza hivyo nikaona hata lile geti lilikuwa na huruma, maana geti huweza kusahauliwa wazi siku moja.

Changawa akajaribu tena, kwa ile sauti yake laini ya hotelini. "Njoo Jumamosi kwenye uzinduzi. Utaimba mbele za watu, mwishoni utamtaja, kidogo tu, kwa upole."

"Zindueni wenyewe," Mbeyu akasema. "Mko na mama yenu wa Afrika. Mwiteni, tuone kama ataitika."

Walizindua bila yeye, sauti yake ikatoka kwenye spika. Ningependa kukwambia albamu ilizikwa. Haikuzikwa. Sasa inapigwa kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye foleni za benki, kwenye harusi watu wakichukua chakula. Ukipiga simu kwenye ofisi fulani ukaambiwa subiri, unasubiri na mke wangu. Bohari nilikofanyia kazi maisha yangu yote, bosi mpya aliweka redio, na siku moja nikausikia wimbo ule juu ya magunia, nikaizima, akaniuliza nina tatizo gani na muziki mzuri. Na pale kwenye mashine, kila aliyeleta mahindi alikuwa na hongera yake. "Hongera, Mama Purity! Tumekusikia! Sauti laini hivyo, hatukujua!" Mbeyu aliwasagia bila kuwajibu. Wakasema umaarufu umempanda kichwani.

Kitu kilichonichoma zaidi ni kwamba alianza kuongea taratibu. Nyumbani akiniita, nilikuwa sisikii. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Nimechoka, Mutua." Basi. Mwanamke ambaye ukuta haukumnyamazisha.

Mwezi huu Purity alikuja kututembelea kutoka Likoni alikoolewa, na mtoto wake mchanga, Fancy. Alasiri, joto limekaza, mtoto akaanza kusumbua, anajinyonganyonga, hataki ziwa wala mgongo. Purity akatoa simu. Nilijua anachokitafuta kabla hakijalia, na sikuwahi kumzuia. Likaja gitaa lililoogeshwa. Ikaja saksafoni. Mtoto akatulia. Kope zikamlegea.

"Mama, huu wimbo wako ni dawa," Purity akasema kwa upendo wote, masikini, hakuwa na ubaya wowote. "Kila akiusikia tu, analala. Mtaa mzima sasa tunawalaza watoto nao."

Mbeyu alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama. Nikadhani sasa ile simu inaruka hadi barabarani, na nilikuwa tayari kuifuata niikanyage. Lakini aliweka ungo chini, akainuka, akamchukua mjukuu wake mikononi, akamtazama alivyozama usingizini na mdomo wazi. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"KACHE WA RUWA!"

Mtoto alirusha mikono na miguu yote kwa pamoja. Akafumbua macho, akatafuta hewa, kisha akaachia kilio ambacho sijui kilikuwa kimekaa wapi kwenye kifua kidogo vile. Mbwa wa jirani wakaitika. Mtu wa nyumba ya pili akauliza kuna nini.

"Mama!" Purity akaruka. "Unamwamsha wa nini?"

Mbeyu akaita mara ya pili, na ya tatu, na kilio cha mtoto kikapanda kila mara alipoita. Wale wasichana wa mama wa Afrika walifika kwenye simu na kupita, hatukusikia hata neno lao moja. Nikanyoosha mikono nimpokee Fancy nimbembeleze. Mbeyu akamgeuzia upande wa pili, machozi yanamshuka na meno nje kwa kicheko.

"Mwacheni alie," akasema. "Huu wimbo ndivyo unavyoimbwa."